Rivyu: mafundi waliokarabati nje ya maktaba yetu ya konkriti, nawapa 4 kwa 5

Nimeahidi watu wa ofisi muda mrefu kwamba nitaandika hii kitu, na sasa mvua imeanza na nimeona kazi ikinyeshewa kwa macho yangu, wacha niandike. Hii ni rivyu ya kampuni iliyokarabati nje ya jengo la maktaba ya chuo ninakofanya kazi hapa Nairobi. Jina lao sitaweka na la chuo pia sitaweka, kwa sababu kile kipindi cha kasoro, ambacho mafundi bado wanapaswa kurekebisha makosa yao, hakijaisha, kuna pesa yao imeshikiliwa mpaka kiishe, na mimi ni mwajiriwa, sitaki maneno. Lakini kazi yenyewe nitaieleza yote, nzuri na mbaya, maana kuna taasisi nyingi hapa mjini zenye majengo kama letu na zote zinauliza swali moja, tupake tu rangi ama tufanye nini.

Jengo ni la miaka ya sitini, orofa nne, konkriti tupu nje, hakuna plasta, hakuna rangi, hakuna taili. Ukilikaribia unaona alama za mbao zilizotumika wakati wa kumwaga, nyuzi za mbao zimejichora ukutani mpaka yale macho ya mbao yanaonekana, unaweza kuyapitishia kidole. Upande wa magharibi kuna mapezi marefu ya konkriti yamesimama wima yakikinga jua la alasiri, na kwa sababu yake ndani hatuhitaji feni hata Februari. Wanafunzi wengi wanaliona ni lijengo la kijivu tu. Mimi nimefanya kazi ndani yake miaka 19 na ninalipenda, nasema wazi. Ni rika moja na KICC, jumba la mikutano la hapa mjini, ile waliyoichora Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso ikakamilika 1973, enzi ambazo Nairobi ilikuwa inajengwa kwa konkriti na hakuna aliyeona haya kuiacha ionekane.

Sasa shida. Jumapili moja asubuhi kipande cha ukubwa wa nusu mkate kilianguka kutoka kwa pezi la orofa ya tatu kikatua kwenye benchi ambalo wanafunzi hukalia wakila lunch. Jumapili, nashukuru Mungu. Mahali kilipotoka ungeona chuma, chekundu kama udongo wa Kiambu, kimevimba na kuchanikachanika kama keki ya matabaka. Chuo kikaita kontrakta, na huyu si wale ninaowaandikia rivyu, huyu ni wa kwanza, akaja na vijana na mikokoteni ya mchanga, kwa wiki mbili wakaziba mashimo yote kwa simiti, wakalainisha kwa mwiko halafu upande wote wa mashariki wakaupaka rangi ya kijivu ya kung'aa. Ripoti ikaandikwa kazi imekamilika. Mimi niliangalia ule ukuta nikasikia uchungu, alama zote za mbao zilikuwa zimepotea chini ya rangi. Mvua ya Aprili ikapita, ya Novemba ikapita, na viraka vikaanza kuinuka kimoja kimoja, na kando ya kila kiraka ufa mpya.

Baadaye ndio nilielewa kwa nini, na hii sehemu naomba usome polepole kama una jengo la aina hii kwa sababu ndipo pesa hupotea. Konkriti ikiwa changa ina ukali wa chokaa, pH yake, yaani kipimo cha huo ukali, inafika kama 13, na huo ukali ndio unakilinda chuma kilicho ndani kisishike kutu. Miaka ikienda, kaboni dioksidi ya hewani inaingia polepole kutoka nje, inaula ule ukali milimita kwa milimita, ukishuka chini ya 9 hivi chuma hakina kinga tena. Hapo maji yakifika na hewa ikifika kutu inaanza, na kutu inataka nafasi, inachukua mara mbili ya nafasi ya chuma chenyewe na hata zaidi, kwa hivyo inasukuma konkriti kutoka ndani mpaka inapasuka na kudondoka. Sasa wewe ukiziba shimo bila kutoa ile kutu umefunika ugonjwa. Na kuna jambo lingine ambalo mimi sikuwa najua kabisa, kwamba ukiweka kiraka kipya chenye ukali mwingi katikati ya konkriti iliyochoka, chuma kilicho pembeni mwa kiraka ndicho kinaanza kuoza haraka kuliko mwanzo. Ndiyo maana zile nyufa zilikuwa zimezunguka viraka.

Wakati hii kampuni ya pili inakuja nilikuwa nimewekwa kwa kamati kuwakilisha watumiaji wa jengo, kwa hivyo niliwaona kuanzia siku ya kwanza. Hawakuja na kwotesheni. Walikuja na skafo, yaani jukwaa la kupandia, ndogo ya magurudumu, chaki, na nyundo. Yule foromani, mzee fulani mtulivu sana, alipanda akaanza kugonga ukuta polepole, hatua kwa hatua, ko ko ko, akifika mahali anasimama anarudia. Nikiwa chini akaniita, "Madam, kuja usikie." Nikapanda. Akagonga, ikalia kavu, ngumu. "Hii iko sawa." Akasogeza nyundo kama shubiri moja, akagonga tena, ikalia kama mtungi mtupu. "Hii imekufa, bado tu haijaanguka." Akazungusha chaki. Kufikia jioni ukuta wa magharibi ulikuwa umejaa miduara ya chaki, na mingi ilikuwa mahali ambapo kwa macho huoni chochote, hakuna ufa, hakuna doa, na chini yake watoto wa watu wanapita kila siku.

Siku ya pili wakatoboa matundu madogo wakapulizia dawa inaitwa phenolphthalein. Hii nilipenda. Konkriti ikiwa bado na ukali inageuka waridi iliyokolea palepale mbele yako, ikiwa imechoka inabaki hivyohivyo bila rangi. Kwenye kuta nene waridi ilianza karibu sana na uso, maana yake ziko salama. Kwenye mapezi dawa iliingia ndani karibu inchi nzima bila rangi yoyote, na kile kifaa chao cha kutafuta chuma kikaonyesha vyuma vya mapezi viko karibu na uso kuliko hiyo inchi. Yaani hesabu iko wazi. Waliojenga waliweka chuma karibu sana na nje kwa sababu mapezi ni membamba, na mapezi ndiyo yanayopigwa na mvua pande zote mbili.

Halafu ndio wakaleta kwotesheni, na ilikuwa karibu mara mbili ya yule wa kwanza. Kelele zikawa nyingi kwenye kamati, mmoja wetu akauliza kwa nini tusipake tu rangi nzuri tumalize, na mwingine akasema jengo la konkriti haliwezi kuitwa la kihistoria, la kihistoria ni la mawe. Injinia wao alijibu kwa heshima. Akatuonyesha picha za jengo la usanifu na sanaa la Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, la Paul Rudolph, lililofunguliwa 1963, konkriti yake ina matuta yaliyopondwapondwa kwa nyundo za mkono mpaka kokoto zikaonekana, lilishika moto 1969, watu wakalichukia miaka mingi, na 2008 likakamilika kukarabatiwa na kurudishiwa heshima yake. Akasema hata hapa kwetu Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 haibagui jengo kwa sababu ya kile limejengwa nacho. Letu halijatangazwa kwenye gazeti la serikali, lakini hoja ilieleweka, na kura ikapita.

Kazi yenyewe. Kila mduara wa chaki walikata pembeni kwa grinda, mistari iliyonyooka, pembe kali, kwa sababu kiraka kikiishia na ukingo mwembamba kama wa karatasi kinabanduka mwaka huohuo. Kisha wakachimba kwa patasi mpaka nyuma ya chuma, nafasi ya kidole kupita, si kuishia usoni mwa chuma kama wale wa kwanza. Chuma kikasuguliwa mpaka kikawa cheupe, kikapakwa dawa ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, hawakuacha kilale usiku. Vile vilivyoliwa sana wakaongezea chuma kipya kando. Nilikuwa nikitoka lunch napitia pale kuangalia, na sikuwahi kupata shimo limezibwa kabla injinia hajalipiga picha na kuandika namba yake. Hizo picha zote tunazo sasa kwa faili, shimo kwa shimo.

Lakini mahali walinishangaza kabisa ni kwa sampo, vile vipande vya kujaribia rangi ya viraka. Mimi nilidhani kijivu ni kijivu. Wapi! Ule ukuta wetu una kijivu chenye umanjano kidogo wa mchanga, na ukilowa unageuka mwingine, na upande unaopigwa na jua si sawa na ule ulio kivulini. Simiti ya mifuko ya siku hizi peke yake inatoa kitu cha samawati baridi, kinaonekana kama bandeji. Wakachanganya simiti nyeupe na ya kawaida, mchanga wa mto kutoka Machakos, kokoto ndogo walizochagua kwa kulinganisha na vipande vilivyoanguka, wakatengeneza vibao vya sampo na kuvining'iniza kwa ukuta wa nyuma karibu na mapipa. Vikakaa huko jua na mvua. Tulikuwa tunaitwa kuviangalia asubuhi, halafu saa kumi jioni, halafu vikiwa vimemwagiwa maji. Vilifika 11. Tulichagua cha 9, na hata hapo foromani akaomba wiki nyingine mbili akisema, "Bado anabadilika huyu, tumngoje akauke roho." Tukangoja. Kweli kikafifia kidogo na ndipo kikaingia sawasawa.

Na zile alama za mbao. Walinunua mbao za saiprasi zisizopigwa randa, wakazisugua kwa brashi ya waya mpaka sehemu laini ikatoka na nyuzi ngumu zikasimama, hizo ndizo walitumia kama boksi za kumwagia viraka. Kuna pezi moja ambalo kiraka kilikuwa kinapita katikati ya jicho la mbao, nusu ya jicho iko kwa konkriti ya zamani na nusu imeenda na kipande kilichoanguka. Yule mzee alipekua rundo lote la mbao, anachukua moja, anaipeleka ukutani, anaipima, anairudisha, karibu saa nzima, mpaka akapata yenye jicho la ukubwa ule. Hakuna mtu alikuwa amemwagiza. Leo nikipeleka wageni pale nawaambia watafute kiraka, na wengi hawakioni.

Baada ya kumwaga walifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, wiki nzima, kuna kijana kazi yake ilikuwa kumwagia magunia maji asubuhi, saa sita na jioni hata Jumapili. Jua la Nairobi linadanganya, hewa ni baridi lakini linakausha simiti juu kabla ya ndani haijashika na unapata vinyufa kama utando wa buibui. Kuosha nako walikuwa waangalifu, weusi ule wa ukuta si moshi wa matatu peke yake, mwingi ni ukungu na mwani unaoota pale maji yanapotiririkia, wakaupaka dawa na kuosha kwa maji ya presha ndogo. Ukitumia presha kubwa unang'oa ngozi ya juu ya konkriti na mchanga unabaki wazi unanyonya maji zaidi. Mwisho wakapaka silane, ile ya wotaprufu isiyoacha utando, inazama ndani, maji yanateleza lakini ukuta bado unapumua. Itabidi irudiwe baada ya miaka, walitwambia mapema.

Pia walipanda kule juu wakakuta mabomba ya kutolea maji ya paa yameziba kwa majani na maua ya jakaranda, miaka mingapi sijui, na maji yote ya paa yalikuwa yanamwagikia kwenye mapezi yaleyale yaliyokuwa yanapasuka! Kile kijifereji chembamba chini ya ukingo wa kila orofa, kinachofanya tone lidondoke badala ya kurudi ukutani, nacho kilikuwa kimezibwa na rangi ya yule kontrakta wa kwanza. Wakakifungua chote kwa mkono. Kwa maoni yangu hiyo kazi ya siku nne ndiyo ya maana kuliko zote na ndiyo ilikuwa bei rahisi kuliko zote.

Sasa mbona nne na si tano.

Vumbi. Walianza kukata kwa grinda wiki ambayo wanafunzi wanasoma kujiandaa na mitihani, bila turubai, bila maji, na madirisha yetu ni yale ya vioo vya kupangana ambayo hata ukifunga hayafungi. Chumba cha majarida kilijaa unga mweupe. Tulipanguza siku tatu, kitabu kwa kitabu, na kuna majalada ya magazeti ya zamani ambayo vumbi limeingia mpaka kwa mshono. Nilienda kwa foromani nikiwa nimekasirika sana, akashuka, akaingia ndani akaona, akaomba msamaha na kesho yake turubai zikawa zimefungwa na wakaanza kukata kwa maji. Lakini hiyo ingefaa kuwa siku ya kwanza. Kazi karibu na vitabu, ulizia habari ya vumbi kabla ya kusaini.

Muda. Walisema miezi mitano, ikawa minane. Mvua najua si yao, ila kuanza upande wa mashariki Oktoba, kila mtu Nairobi anajua kinachokuja baada ya Oktoba. Pia kuitoa ile rangi ya kung'aa iliwachukua muda mrefu kuliko walivyotarajia, waliipaka dawa ya kubandua mara tatu mara nne na bado kuna mahali imebaki ndani ya vitundu. Upande wa mashariki hautawahi kufanana na magharibi. Hilo siwalaumu wao.

Ofisi yao haishiki simu. Kazini unapata mtu wa kukujibu kila wakati, lakini ukitaka barua, ankara, ama tarehe, unatuma meseji inasomwa, kimya. Kwa taasisi ambayo kila shilingi inataka karatasi hilo linachosha. Na bei ilipanda, kwa sababu kazi inalipwa kwa kipimo cha kile kinachokatwa, na ukifungua konkriti unakuta kutu imetambaa mbali zaidi ya mduara wa chaki. Mwishowe tulilipa theluthi moja zaidi ya makadirio. Walituonya, ni sisi tuliokataa kutenga pesa ya ziada kwenye bajeti, kwa hivyo kama uko kwa kamati pigania hiyo pesa mwanzoni.

Halafu kuna kiraka cha mlangoni. Kiko urefu wa macho, kulia ukiingia. Kilifanywa wiki ambayo foromani alikuwa amesafiri kwa mazishi nyumbani, vijana wakakimaliza bila yeye, kimelainishwa kwa mwiko, hakina nyuzi za mbao, rangi yake ni ya sampo ya 6 nadhani. Aliporudi alikiona kabla sijamwambia. Akasimama pale akakishika kwa kiganja, akasema, "Hiki si chetu madam, nitakitoa." Bado hakijatolewa, kiko kwenye orodha ya kasoro.

Usalama nawapa alama zote. Walijenga njia ya mbao yenye paa kwa wanafunzi kupitia, neti kwenye skafo yote, helmeti kila mtu, na kwa miezi minane hakuna aliyeumia.

Kwa hivyo ningewaita tena? Ndiyo, bila kufikiri mara mbili, lakini ningeomba huyo foromani aandikwe kwa jina kwenye mkataba na turubai ziandikwe pia. Kama jengo lako ni la plasta na rangi ya kawaida usiwatafute, utalipa pesa nyingi bure, fundi yeyote mzuri anatosha. Hawa ni wa konkriti ya wazi. Na yeyote atakayekuja kwako na kwotesheni kabla hajagonga ukuta, mwambie arudi na nyundo.

Juzi usiku ilinyesha ile ya kumimina kweli. Foromani alikuwa ameniambia mvua kubwa ya kwanza nitoke niangalie, kwa hivyo asubuhi saa moja kabla ya kufungua nilizunguka jengo na mwavuli na tochi. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwa ule ukingo wa kila orofa, tone tone, mbali na ukuta, mapezi yamelowa nusu tu. Nikapata ufa mmoja mwembamba kama unywele kwenye pezi la saba, orofa ya pili, chini ya kiraka. Nimeuzungushia chaki, nikapiga picha nikamtumia mzee mwenyewe, si ofisi. Amejibu anakuja Alhamisi.